Mtoto Aliyeshika Mlango

Mwalimu Salvina alifundisha Darasa la Tatu katika shule yetu ya Kibosho kwa miaka kumi na tisa, na kabla ya habari hii hakuna mzazi aliyewahi kufika ofisini kumlalamikia. Alikuwa mkali, lakini ukali wa kawaida, kama wetu sote. Mimi nilifundisha Darasa la Nne katika chumba cha jirani. Ukuta uliotutenganisha haukufika kwenye bati, kwa hiyo nilisikia karibu kila kilichotokea kwake, naye alisikia ya kwangu. Ndiyo maana naweza kusimulia habari hii. Yale ambayo sikuyasikia alinieleza mwenyewe, mengine baada ya miaka.

Alikuwa mjane. Mumewe alifariki mapema, watoto wake wawili wakahamia Dar es Salaam, naye akabaki kwenye kihamba cha mumewe, lile shamba la ukoo, na migomba yake, kahawa kidogo na mbuzi wawili. Kutoka kwake hadi shuleni ni mwendo wa dakika ishirini, na mvua ikinyesha ni zaidi, maana njia ile inateleza kama sabuni.

Januari ya mwaka 2021 aliletewa mtoto mpya, msichana wa miaka tisa anayeitwa Evaline. Aliletwa na bibi yake mzaa mama, Bibi Theopista, mkulima wa kitongoji cha juu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Barua ya uhamisho ilisema mtoto ametoka shule moja ya Shirimatunda, mjini, na amehama kwa sababu za kifamilia. Basi. Siku hiyo mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Emilian, alikuwa na wazazi zaidi ya thelathini wakimsubiri. Alimwandikisha mtoto, akampeleka darasani, akarudi kwa wazazi wake.

Evaline alivaa sweta ambalo mikono yake ilifunika hata vidole. Hakuna aliyeliangalia mara mbili. Huku kwetu ni baridi, na watoto wote huvuta mikono ya sweta hivyo hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la mlangoni, ambalo tayari lilikuwa na watoto watatu, akasimama pale bila kusema neno mpaka mmoja aliposogea.

Kero ilianza wiki hiyo hiyo. Kila mlango ulipofungwa, Evaline aliinuka na kuufungua. Mwalimu Salvina aliufunga kwa sababu ya ukungu unaoshuka asubuhi na kuingia mpaka kwenye madaftari. Evaline aliufungua tena, akaweka jiwe. Watoto wakaanza kucheka. Salvina alimhamishia dawati la nyuma. Kesho yake alimkuta mlangoni. Akamrudisha nyuma, na kesho yake akamkuta mlangoni tena. Aliniuliza wakati wa chai, "Mathew, huyu mtoto ni mkaidi au hasikii?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mkaidi. Wa mjini hao. Mnyooshe mapema."

Maneno hayo niliyasema mimi. Sitayaficha.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha na upepo ukawa unaubamiza mlango wa darasa lile. Salvina aliufunga kwa komeo. Nikasikia dawati likiburuzwa, kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya Evaline, ikipiga kelele, "Fungua! Fungua!" Alikuwa akivutana na komeo. Salvina alimwambia arudi akae. Hakurudi. Alimwambia mara ya pili. Kisha nikasikia, "Nyoosha mkono."

Zilikuwa fimbo tatu. Nilizihesabu kwa mazoea tu, huku nikiandika hesabu za sehemu ubaoni. Mtoto hakulia. Halafu Salvina aliniita mbele ya watoto kwa jina langu, bila "mwalimu", na kwa sauti iliyonifanya niangushe chaki.

Nilipoingia, alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto na amevuta mkono wa sweta juu. Kiganja cha Evaline kilikuwa kimekunjamana. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimevutwa ndani na kovu, na katikati palikuwa na ngozi laini, ya rangi tofauti, ngozi iliyopandikizwa. Ngozi hiyo ilikuwa imechanika na damu ilikuwa ikishuka kwenye kifundo. Mkono wa kushoto nao ulikuwa na makovu, ingawa si mabaya kama ule.  Mvua tu ndiyo iliyosikika kwenye bati.

*

Zahanati ya kijiji waliufunga mkono bandeji na kusema mtoto apelekwe hospitali kubwa mjini, alikotibiwa kwanza. Salvina alikwenda naye. Walipofika wodi ya watoto, muuguzi mmoja alimtambua Evaline kabla hata hawajasema shida yao. Aliitwa Sista Juliana, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani aliyoifunga kwa kamba. Alimkalisha mtoto, akaanza kusafisha kile kidonda polepole.

"Nani amempiga?" aliuliza bila kuinua macho.

"Ni mimi. Mimi ni mwalimu wake."

Salvina aliniambia kwamba hapo alisubiri kutukanwa, na kwamba angefurahi kutukanwa. Juliana aliendelea kusafisha.

"Mwalimu, unajua aliunguaje?"

"Sijui."

"Unajua kama alikuwa na mdogo wake?"

"Sijui, sista."

"Tuliandika barua ya kupeleka shuleni. Tulimpa baba yake. Sijui iliishia wapi." Alifunga bandeji, akamwomba mwenzake akae na mtoto, akamtoa Salvina kwenye korido. Huko ndiko alikomweleza.

Familia ile ilikuwa imepanga vyumba viwili Shirimatunda. Baba, Ronald, aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa huko tambarare, na alikuwa zamu. Jioni moja ya Novemba jiko la mafuta ya taa lililipuka, na godoro likashika moto. Mama yao, Evelyn, aliteketea pamoja na mtoto wa miaka minne aliyeitwa Isack. Evaline alipatikana nje, mzima, isipokuwa mikono.

"Mikono tu," alisema Juliana. "Uso haukuguswa, nywele hazikuguswa. Tulijiuliza sana. Alikaa hapa wiki saba, na hilo hajawahi kulisema. Ukiuliza anakutazama tu."

Salvina aliegemea ukuta. Alikuwa bado ameshika mfuko wa daftari za watoto alizotoka nazo darasani.

*

Kwetu uchagani, ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani, na kumpelekea. Mwenye kupelekewa isale hakatai msamaha. Jumapili hiyo baada ya misa, Salvina alipanda hadi kwa Bibi Theopista akiwa amelishika jani hilo mkononi. Bibi alikuwa akimenya ndizi za mtori. Alilipokea jani, akaliweka mapajani. Kisha alisema kwa Kichagga, nami natafsiri: "Kwa upande wangu nimesamehe. Mimi najua isale ni nini. Lakini mtoto huyu amekulia mjini, hajui. Yeye utamwomba kwa njia gani?"

Salvina alimwita Evaline, akapiga magoti ili macho yao yalingane. "Nilikupiga bila kujua unaumwa. Hata ningejua huumwi, sikupaswa. Nisamehe, mwanangu."

Evaline alificha mikono nyuma ya mgongo.

Tangu siku hiyo Salvina hakumchapa mtoto yeyote. Hakutangaza, sisi tuligundua polepole, jinsi mtu anavyogundua kuwa saa ya ukutani imesimama. Aliuacha mlango wa darasa lake wazi mwaka mzima, hata mwezi wa Julai, baridi inapouma hadi mifupa. Watoto walivaa masweta mawili mawili. Wazazi wawili walilalamika. Mwalimu Emilian alimwita, na sijui alimwambia nini, ila mlango uliendelea kubaki wazi. Upepo ulipopuliza moshi wa kuni kutoka jikoni, Evaline alianza kutetemeka na kutafuna ukosi wa sweta. Salvina alipoona hivyo alifunga kitabu na kusema, "Twendeni nje, tukasome chini ya miparachichi," kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Darasa zima lilitoka, na Evaline akatoka kama mtoto yeyote anayetoka na wenzake.

"Unamdekeza," nilimwambia. "Huku ni shule, si hospitali."

"Ndiyo," alijibu. "Na kule hospitali wanasema ni hospitali, si shule. Mtoto ni mmoja, Mathew."

Kila Jumanne mchana alimpeleka mjini kusafishwa kidonda na kufanyishwa mazoezi ya vidole, kwa sababu Bibi Theopista magoti yake hayakuweza tena. Mimi nilisimamia madarasa yote mawili, nikinung'unika. Mara za kwanza mtoto alipiga mayowe katika chumba cha kusafishia vidonda mpaka wakamshika watu watatu. Ni Salvina aliyemwambia Juliana, "Sista, jaribuni kuacha mlango wazi." Waliuacha wazi, wakaweka pazia. Siku hiyo mtoto alilia kwa maumivu, lakini hakupigana. Juliana alikaa kwenye stuli, akavua miwani yake, akasema, "Wiki saba hapa, na mlango tulikuwa tunaufunga sisi."

Sote tulielewa hivyo: mtoto anaogopa kufungiwa ndani. Tulielewa vibaya.

*

Ilikuwa Novemba, mwaka mmoja tangu ule moto. Walikuwa wakirudi kutoka mjini, wameteremkia barabarani, wakapanda kwa miguu kipande kilichobaki. Kwenye mfereji unaopita chini ya shamba la parokia walikaa kuosha miguu, maana ilikuwa matope. Kufikia wakati huo Evaline alikuwa anaongea kidogo: maji, daftari, bibi ameamkaje. Aliangalia maji yakipita, kisha akasema:

"Mwalimu, moto ukitokea darasani, mimi nitashika mlango. Wewe utawahi kuwatoa wote?"

Salvina alisema, "Kwa nini uushike wewe?"

"Ule wa kwetu ulikuwa unajifunga. Kitasa chake kilikuwa kibovu, ukijifunga haufunguki. Isack alikimbilia chini ya kitanda. Mama akaniambia, 'Eva, shika mlango usijifunge, namfuata mwenzako.' Nikaushika. Ulikuwa wa chuma. Ukawa wa moto. Nikauacha."

Salvina aliniambia kwamba maji ya mfereji yaliendelea kupita juu ya miguu yake na hakuyasikia baridi. Mwaka mzima mtoto yule alikuwa hakai mlangoni ili akimbie. Alikuwa analinda zamu. Alikuwa akiwashikia mlango watoto hamsini na wanane, kila siku, tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa mikono ile.

"Siyo kosa lako, mwanangu. Wewe ni mtoto. Chuma kilikuwa cha moto."

"Mama aliniambia nishike," alisema Evaline.

Hakulia. Alivaa viatu vyake, wakaendelea kupanda.

Jumanne iliyofuata Salvina alimweleza Juliana. Walikaa pamoja na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kijana mwenye huruma aliyekuwa na watoto wengi kuliko saa za kuwasikiliza. Aliwashauri wasishindane na mtoto, wasiharakishe kumwambia asahau. Wamsikilize kila anaposema, hata akirudia mara mia. Juliana naye alikuwa na wazo jingine. Alijua jina la jirani aliyevunja mlango ule, mwashi anayeitwa Ildefonce. Yeye ndiye aliyembeba Evaline mpaka hospitali. Pengine alijua jambo ambalo lingempunguzia mtoto mzigo.

Salvina alimpigia simu, akamweleza yote. Yule fundi akasema, "Nitakuja, mwalimu."

Alikuja Jumamosi moja ya Januari. Alikuwa amevaa koti la suti na viatu vilivyopakwa rangi, vikiwa vimejaa matope kutoka njiani. Bibi Theopista alimwekea kiti uani, yeye mwenyewe akakaa kwenye kizingiti. Evaline alisimama karibu na nguzo. Salvina alikuwepo, na hayo ndiyo aliyoyasikia.

"Mwanangu," alisema Ildefonce, "mimi ndiye niliyeingia. Nimekuja nikwambie nilichokiona. Mama yako hakufika mlangoni. Nilimkuta kule ndani, pembeni ya kitanda. Moshi ulimuwahi. Mlango ungekuwa wazi, ungekuwa umefungwa, yeye hakufika. Unanisikia? Mkono wako haukubadilisha kitu."

Evaline aliuliza, "Alikuwa na Isack?"

"Alikuwa amemkumbatia. Kama amelala naye."

Bibi Theopista alijifunika uso kwa khanga. Alilia kwa sauti, akitaja jina la Evelyn, na katikati ya kilio alikuwa akisema asante, asante. Alikuwa hajui kabisa binti yake alikufaje; kwenye mazishi majeneza yalikuwa yamefungwa. Evaline alimwangalia bibi yake. Halafu naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumjue kwa jambo lisilo kidonda, akaenda kujitupa mapajani mwa bibi.

Salvina alimsindikiza mgeni hadi kwenye isale za mpakani. Alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mungu akubariki, fundi. Umemponya mtoto."

Ildefonce alikuwa anatazama bondeni. "Mwalimu," alisema, "moshi ulikuwa mzito kama blanketi. Mimi nilivuta nilichoshika. Sikuona walikuwa wapi. Sijui kama alifika mlangoni au hakufika." Alijifuta uso. "Ningemwambia nini?"

Salvina alirudi uani, akanywa uji aliopewa, hakumwambia mtu. Mimi mwenyewe nimelijua jambo hilo mwaka jana tu.

*

Baada ya siku ile mambo yalionekana kuwa mepesi. Evaline alikuwa amepanda kuja Darasa la Nne, kwangu, na wiki ya kwanza nilimwachia dawati la mlangoni bila kuambiwa na mtu. Mwezi wa Machi nilimwona anacheza rede na wasichana wenzake, akiukwepa mpira na kucheka. Nilikwenda kumwita Salvina atoke aje aone. Tulisimama pale kwenye baraza, watu wazima wawili, tukitazama mchezo wa rede kama tunatazama fainali.

Juni baba yake alikuja kumchukua. Ronald hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mtu amwone hivyo. Alikuwa amekonda, na aliongea akiangalia sakafu. Alikuwa ameoa tena, amepewa nyumba kwenye kambi ya wafanyakazi huko kwenye miwa. "Nilimwacha huku kwa sababu kila nikimtazama namwona Evelyn," alimwambia Salvina. "Lakini ni mtoto wangu, mwalimu. Watu watasema nimemtupa."

"Anaendelea vizuri hapa," alisema Salvina. "Mwache hata amalize mwaka."

"Gari linanisubiri."

Salvina aliandika barua ya kurasa tatu kwa walimu wa shule mpya. Aliandika kila kitu: mlango, moshi, mkono, Jumanne. Aliibandika bahasha kwa gundi, akamkabidhi Ronald, na alipomwona anaikunja na kuitia mfuko wa nyuma wa suruali, alijua haitafika. Evaline alipanda gari bila kuaga. Hakututazama. Bibi Theopista alibaki ameshika mkungu mdogo wa ndizi aliotaka kuwapa, akasahau kuwapa.

Salvina aliandika barua mbili zaidi, moja kwa posta, moja kwa mtu. Hakujibiwa. Alipiga simu ya Ronald mpaka namba ikawa haipatikani. Mwaka uliofuata alipewa mtoto mwingine, ambaye baba yake alijinyonga, na baada ya huyo mwingine tena, na aliwapeleka mjini kwa Juliana mmoja mmoja. Lakini nilipokuwa nikimwita kwa ghafla, kuna nyakati aligeuka akiwa na uso wa mtu aliyetarajia habari nyingine.

*

Bibi Theopista alifariki Agosti ya mwaka 2025. Tulimzika kwenye kihamba chake, kama ilivyo desturi yetu, kando ya makaburi mawili yenye saruji, la Evelyn na lile dogo. Evaline alikuja na baba yake. Alikuwa amekua sana, anakaribia kutimiza miaka kumi na minne, yuko Darasa la Saba. Alimwamkia Salvina, "Shikamoo mwalimu," kama anavyoamkiwa mwalimu yeyote. Zamu yake ilipofika alitupia udongo kaburini kwa mkono wa kulia, na vidole vile viwili vilikuwa bado vimekunjika. Mazoezi yaliishia siku aliyoondoka kwetu.

Baada ya maziko, watu walipokuwa wakila, Salvina alimkuta amekaa peke yake nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Akakaa naye. Evaline aliuliza:

"Mwalimu, yule fundi Ildefonce, alisema kweli?"

Salvina aliniambia alitafuta uongo mzuri na hakuupata, akatafuta ukweli mzuri, huo pia hakuupata. Kimya chake kikajibu.

"Nilijua," alisema Evaline. "Tangu siku ile nilijua. Alikuwa anaongea huku anaangalia viatu vyake."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Bibi alifurahi." Alichana jani kavu la mgomba, nyuzi kwa nyuzi. "Bibi alisema asante. Usiku huo alilala mpaka asubuhi, hakuamka kuomba. Kila siku alikuwa ananiambia, mama yako alimkumbatia Isack. Ningesemaje? Na fundi alikuwa ametoka mbali, amevaa na koti."

Alikuwa na miaka kumi siku ile uani. Watu wazima wanne, mimi nikiwemo kwa furaha yangu ile ya barazani, tulidhani tumemtua mzigo. Kumbe alikuwa ameinama akaongezewa wa bibi yake, na miaka mitatu na nusu alikuwa ameubeba bila kusema, kwanza hapa, kisha kule kwenye miwa ambako hakuna aliyesoma barua.

"Sasa bibi hayupo," alisema.

"Basi niambie mimi," alisema Salvina. "Yote uliyoyasikia siku ile ya moto, pale mlangoni. Mimi sitafurahi wala sitasema asante. Nitasikiliza tu."

Evaline alimwambia. Nilipita pale nikiwatafuta ili wapewe chakula, nikawaona vichwa vimeinamiana, nikarudi. Aliongea mpaka Ronald alipoanza kuita jina lake kutoka barabarani. Alichomwambia Salvina sijui. Nilimuuliza mara moja tu. Alitikisa kichwa, akasema, "Hayo si yangu."

Jioni hiyo, kabla gari halijaondoka, Salvina alisimama kwenye dirisha la dereva akakataa kusogea mpaka Ronald alipompa namba yake mpya na jina la mwalimu wa darasa la Evaline. Wiki mbili baadaye aliteremka mwenyewe hadi kwenye ile shule ya tambarare, akaongea na mwalimu huyo, kijana anayeitwa Wenseslaus, ambaye alitoa kalamu akaandika kila neno. Juliana, ambaye bado yuko wodi ile ile, alipata nafasi kwa daktari wa upasuaji. Desemba walivifungua vile vidole viwili. Kimoja kinanyooka. Kingine walisema kimechelewa.

Salvina amestaafu. Jumanne asubuhi anafunga mbuzi wake na kuteremka mjini. Anakaa wodi ya watoto na wale ambao ndugu zao hawakuweza kufika. Darasa la Tatu sasa ni langu. Evaline yuko kidato cha kwanza, shule ya kutwa, na kila mwisho wa mwezi Salvina huenda kumtembelea. Siku nyingine mtoto anaongea, siku nyingine wanakula miwa tu kando ya barabara, na Salvina anapanda gari la kurudi bila kujua kama amesaidia kitu.